Jaguar Mark 2 na Daimler V8: Bodi Moja, Bei Mbili

Somo kwa mnunuzi wa gari la kale la Uingereza

Utangulizi

Gari la kawaida hushuka thamani kila mwaka, na anayelinunua analijua hilo tangu siku ya kwanza. Gari la kale, kinyume chake, husifiwa kwamba thamani yake hupanda. Kwa nguvu ya sifa hiyo, watu hutoa akiba ya miaka mingi baada ya kulitazama gari kwa dakika chache, wakivutwa na rangi inayong'aa, harufu ya ngozi na mlio wa injini. Baadaye hutambua kwamba walichonunua ni rangi iliyopakwa juu ya kutu, na kwamba gharama ya matengenezo inazidi bei waliyolipa.

Somo hili linakusudia kumwepusha mnunuzi na hasara hiyo. Tutalinganisha sedani mbili za mwendo wa kasi zinazopendwa sana na wakusanyaji wa magari: Jaguar Mark 2 na Daimler V8 ya lita 2.5. Zimechaguliwa kwa sababu maalumu. Kwa nje ni kama pacha, kwa kuwa zilitengenezwa na kampuni moja na zinatumia bodi moja, lakini sokoni haziuzwi kwa bei moja. Anayeelewa ni wapi magari haya yanatofautiana, na ni wapi gharama zake zinalingana, ataweza kulikagua gari lolote la kale kwa akili iliyotulia.

Soko kubwa la magari haya liko Uingereza. Kwa hiyo sheria za ununuzi zinazoelezwa hapa ni za nchi hiyo, na sehemu ya saba inamhusu anayefikiria kulisafirisha gari hadi Afrika Mashariki.

1. Asili ya magari haya

Mwaka 1955 kampuni ya Jaguar, chini ya mwanzilishi wake William Lyons, ilitoa sedani ndogo yenye injini ya lita 2.4. Lilikuwa gari la kwanza la kampuni hiyo ambalo bodi na chasisi ni kitu kimoja. Yaani, hakuna fremu nzito ya chuma iliyo peke yake chini ya gari. Mabati ya sakafu, vizingiti vya milango na mihimili iliyochomelewa humo ndiyo yanayobeba uzito wote. Msomaji aikumbuke hoja hii, kwa sababu sehemu kubwa ya somo inaitegemea.

Oktoba 1959 gari hilo liliboreshwa. Madirisha yalipanuliwa, nafasi kati ya magurudumu mawili ya nyuma iliongezwa, na breki za diski zikawekwa kwenye magurudumu yote manne. Toleo hilo ndilo Mark 2. Mnunuzi aliweza kuchagua injini ya lita 2.4, lita 3.4 au lita 3.8. Yenye lita 3.8 na gia za mkono ilifika takriban kilomita 200 kwa saa, kasi ambayo sedani chache za wakati huo ziliweza kuifikia. Polisi wa Uingereza waliitumia kwenye barabara kuu, na majambazi nao waliipenda kwa sababu hiyohiyo. Katika mashindano, Mjerumani Peter Nöcker alitwaa ubingwa wa Ulaya wa magari ya aina hii mwaka 1963 akiendesha Mark 2, na Bob Jane akatwaa ubingwa wa Australia mwaka 1962 na 1963.

Daimler ni jina kongwe kuliko Jaguar, na kwa miongo mingi lilihusishwa na magari ya ufalme wa Uingereza. Mwaka 1960 Jaguar iliinunua Daimler, na pamoja na viwanda ikapata injini nzuri ya silinda 8 iliyosanifiwa na Edward Turner, mtu aliyejulikana zaidi kwa pikipiki za Triumph. Injini hiyo ilikuwa imetumika kwanza katika gari dogo la wazi, Daimler SP250 ya mwaka 1959. Mwaka 1962 Jaguar iliiweka ndani ya bodi ya Mark 2, ikabadilisha grili na nembo, ikaboresha viti, na gari jipya likauzwa kwa jina la Daimler.

Mwaka 1967 majina yalibadilika. Jaguar zikaitwa 240 na 340, ile ya lita 3.8 ikaondolewa, na Daimler ikaitwa V8-250. Bampa zilifanywa nyembamba zaidi. Kufikia mwaka 1969 utengenezaji wa magari haya yote ulikuwa umekoma.

2. Yanayofanana na yanayotofautiana

Mambo yanayofanana ni haya: bodi, sakafu, milango, vioo, breki za diski, sehemu kubwa ya mfumo wa springi, na dashibodi ya mbao za mjozi. Kutu hushambulia sehemu zilezile, na fundi bodi hulipwa kiasi kilekile kwa kazi ileile, iwe nembo ya mbele ni ya Jaguar au ya Daimler.

Mambo yanayotofautiana ni haya:

Injini. Jaguar ina silinda 6 zilizopangwa kwa mstari. Ile ya lita 3.8 ina ujazo wa cc 3,781, na kampuni iliitangaza kuwa na nguvu za farasi 220. Ya lita 3.4 ilitangazwa kuwa na 210, na ya lita 2.4 kuwa na 120. Daimler ina silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la herufi V, ujazo wa cc 2,548 na nguvu za farasi 140.

Mwendo. Daimler hufika takriban kilomita 175 kwa saa. Ni pungufu ya Jaguar ya lita 3.8, lakini ni zaidi ya Jaguar ya lita 2.4. Injini yake ni nyepesi kuliko ya Jaguar, hivyo pua ya gari haielemewi, na mlio wake ni laini.

Gia. Jaguar nyingi zinazotafutwa na wakusanyaji zina gia nne za mkono pamoja na ovadraivu, yaani gia ya ziada inayopunguza mzunguko wa injini katika safari ndefu. Daimler karibu zote ni za gia otomatiki, kwa maana gia za mkono zilianza kutolewa kwa hiari ya mnunuzi mwaka 1967.

Idadi. Jaguar Mark 2 zilizotengenezwa ni zaidi ya 80,000. Daimler za bodi hii ni zaidi ya 17,000 tu.

Bei. Juu kabisa ni Jaguar ya lita 3.8 yenye gia za mkono na ovadraivu, na inayofuata ni ya lita 3.4. Daimler iliyo katika hali ileile kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko hizo mbili.

Hapa mnunuzi apate funzo la kwanza. Daimler ni adimu kuliko Jaguar, lakini ni rahisi zaidi. Muuzaji anaposema, "Gari hili ni adimu, kwa hiyo ni ghali," ajue kwamba uadimu peke yake hauleti bei. Bei huletwa na idadi ya watu wanaolitaka gari, na watu hulitaka kwa sababu ya kasi, mashindano na sifa. Hata sifa yenyewe hailingani daima na mtambo: katika tamthilia ya televisheni ya Uingereza, Inspector Morse, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1987, mpelelezi huendesha Mark 2 iliyowafanya watazamaji wengi waitamani Jaguar; nayo ilikuwa na injini ndogo kuliko zote, ya lita 2.4.

3. Bodi: mtaka cha mvunguni sharti ainame

Methali hii ni mwongozo tosha wa ukaguzi wa magari haya. Kwa kuwa bodi ndiyo chasisi, kutu si doa la urembo. Ni udhaifu wa nguzo za nyumba. Gari lenye vizingiti vilivyooza linaweza kujikunja katika ajali au hata likiinuliwa kwa jeki.

Omba gari liinuliwe kwenye karakana, kisha kagua sehemu zifuatazo:

(a) Vizingiti vya milango, vya nje na vya ndani, pamoja na mahali pa kuwekea jeki. Fungua na ufunge kila mlango. Mlango unaoshuka ukifunguliwa, au usiolingana na nguzo yake, unaweza kuwa dalili kwamba bodi imelegea.

(b) Mhimili wa mbele ulio chini ya rejeta, na vishikizo vinavyouunganisha na mihimili mikuu. Tope na maji hujikusanya hapo.

(c) Mahali springi za nyuma zinaposhikiliwa, na kishikizo cha fimbo inayozuia ekseli ya nyuma isiyumbe. Kishikizo hicho kikikatika, gari hukosa uthabiti barabarani.

(d) Sakafu yote, pamoja na shimo la tairi la akiba chini ya buti. Inua zulia, usikubali kuambiwa kwamba limegundishwa.

(e) Sehemu za chini za milango, kingo za matao ya magurudumu, na eneo linalozunguka taa za mbele.

Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Penye bati itanata. Penye puti nene haitanata. Bati jipya lililochomelewa vizuri si kasoro, na mwenye gari mwaminifu atakuonyesha picha na risiti za kazi hiyo. Kasoro ni bati lililobandikwa juu ya lililooza, kisha likapakwa lami nyeusi ya chini ya gari ili lisionekane. Lami mbichi kwenye gari linalouzwa iongeze shaka, isiipunguze.

Hesabu ya mfano

Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Hazionyeshi bei za soko. Tuseme Jaguar nzuri inauzwa pauni 30,000 na yenye kutu inauzwa pauni 15,000. Daimler nzuri inauzwa pauni 22,000 na yenye kutu pauni 9,000. Kazi ya bodi inagharimu pauni 16,000 na rangi pauni 7,000, kwa gari lolote kati ya hayo mawili, maana bodi ni ileile.

Aliyenunua Jaguar yenye kutu atakuwa ametumia 15,000 + 16,000 + 7,000, yaani pauni 38,000, kwa gari la thamani ya 30,000. Amepoteza pauni 8,000.

Aliyenunua Daimler yenye kutu atakuwa ametumia 9,000 + 16,000 + 7,000, yaani pauni 32,000, kwa gari la thamani ya 22,000. Amepoteza pauni 10,000, ingawa alianza kwa kulipa kidogo.

Hili ndilo funzo kuu la somo. Gharama ya kutengeneza haifuati bei ya gari. Inafuata hali ya bodi. Kwa hiyo kutu humwumiza zaidi mnunuzi wa gari lenye bei ya chini, kwa sababu thamani ya mwisho haitoshi kufidia kazi. Anayetaka Daimler awe mkali zaidi kwa bodi kuliko anayetaka Jaguar. Kwa sababu hiyohiyo ategemee kukutana na Daimler nyingi zilizotengenezwa kijuujuu, kwa maana mwenye gari huona haina faida kulitengeneza kikamilifu.

4. Injini na gia

Fika injini ikiwa baridi, na umwombe muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka na moshi wa mwanzo.

Injini ya Jaguar ilianza kutumika mwaka 1948 na iliendelea kutengenezwa, katika ujazo mbalimbali, hadi mwaka 1992. Kwa hiyo vipuri ni vingi na mafundi wanaoijua ni wengi. Tazama mshale wa presha ya oili injini ikiwa imepata moto: gari likienda mwendo wa kawaida, presha iwe imara, isiporomoke. Uvujaji mdogo wa oili nyuma ya injini ni jambo la kawaida, lakini dimbwi sakafuni si la kawaida, kwani kubadilisha sili ya hapo ni kazi kubwa. Sikiliza pia mlio wa mnyororo sehemu ya mbele ya injini.

Injini ya Daimler ina sifa ya kudumu na kutulia, lakini ilitengenezwa kwa miaka michache na kwa idadi ndogo. Vipuri vipo, ila wauzaji wake ni wachache, na si kila fundi wa Jaguar anaifahamu. Silinda hedi zake ni za alumini. Gari likiendeshwa kwa maji matupu bila dawa ya rejeta, alumini huliwa, na hedi hunata kwenye boliti zake kiasi cha kuwa kazi ngumu kuzifungua. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi: maji yenye rangi ya kutu ni onyo. Kisha endesha gari kwa nusu saa, pamoja na kusimama kwenye msongamano, ukitazama mshale wa joto.

Kuhusu gia, ni vema kujua lipi ni tabia na lipi ni hitilafu. Jaguar zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 1965 zina giaboksi ambayo gia ya kwanza haiingii kwa ulaini gari likiwa kwenye mwendo, nayo hulia. Hiyo ni tabia yake. Gia inayochomoka yenyewe, au inayosaga ikipandishwa kutoka ya pili kwenda ya tatu, ni hitilafu. Ovadraivu ijaribiwe mara kadhaa, ikiwa baridi na ikiwa na moto. Gia otomatiki ibadilike bila kishindo na bila injini kupaa mzunguko pasipo gari kuongeza kasi.

Usukani usio na pawa ni mzito katika magari haya, hasa Jaguar yenye injini kubwa. Jaribu kuegesha gari kabla ya kuamua, si kuliendesha kwenye barabara iliyonyooka tu.

5. Utambulisho wa gari

Kwa kuwa Jaguar ya lita 3.8 ina bei ya juu kuliko ya lita 2.4, na bodi ni moja, kuna kishawishi cha kuigeuza ya lita 2.4 iwe ya 3.8. Kubadilisha injini si kosa la jinai, na gari lililobadilishwa kwa ustadi linaweza kuwa zuri sana. Kosa ni kuliuza kama la asili.

Kinga ya mnunuzi ni namba. Gari lina namba ya chasisi, namba ya injini na namba ya bodi, na kiwandani ziliandikwa kwenye bamba dogo la chuma. Linganisha bamba hilo na namba iliyopigwa kwenye injini yenyewe na kwenye bodi, kisha na hati ya usajili ya Uingereza iitwayo V5C. Kwenye Jaguar, herufi DN mwishoni mwa namba ya chasisi huonyesha kwamba gari lilitoka kiwandani na ovadraivu, na BW kwamba lilitoka na gia otomatiki. Gari lenye BW na gia za mkono limebadilishwa. Muuzaji aeleze lini na nani aliyefanya hivyo.

Taasisi ya Jaguar Daimler Heritage Trust hutoa, kwa malipo, cheti kinachotokana na kumbukumbu za kiwanda. Cheti huonyesha tarehe ya kutengenezwa, namba za asili, rangi ya nje na ya ndani, na mahali gari lilikopelekwa. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya gari, na kwa Jaguar ya lita 3.8 haifai kununua bila hicho.

Ikumbukwe pia kwamba V5C humtaja mtu anayewajibika na gari kwa serikali. Si uthibitisho wa umiliki. Omba hati ya mauzo, na fanya uchunguzi wa kumbukumbu za gari ili kujua kama lina deni la mkopo au liliripotiwa kuibwa.

6. Haki za mnunuzi nchini Uingereza

Haki hutegemea nani anayeuza.

Ukinunua kwa mfanyabiashara, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inataka gari liwe na ubora wa kuridhisha, lifae kwa matumizi yake na lilingane na maelezo yaliyotolewa. Ubora hupimwa kwa kuzingatia umri na bei. Gari la miaka 60 halidaiwi kuwa kama jipya, lakini likielezwa kwamba vizingiti vyake vimetengenezwa upya, ni lazima viwe hivyo. Ndani ya siku 30 unaweza kulikataa gari lenye kasoro na kudai fedha zote. Baada ya hapo, hadi miezi 6, mfanyabiashara hupewa nafasi ya kurekebisha, na kwa kawaida ni juu yake kuthibitisha kwamba kasoro haikuwapo siku ya mauzo.

Ukinunua kwa mtu binafsi, ulinzi ni mdogo. Muuzaji anatakiwa awe na haki ya kuuza, na maelezo yake yasiwe ya uongo. Mengine yote ni jukumu la mnunuzi. Kwa hiyo hifadhi tangazo, barua na ujumbe wote, maana ndiyo maelezo utakayoyategemea.

Ukinunua mnadani ambapo umma unaruhusiwa kuhudhuria ana kwa ana, haki kadhaa za sheria ya 2015 hazitumiki kwa bidhaa zilizotumika. Soma masharti ya mnada kabla ya kuinua mkono, na ukumbuke kwamba juu ya bei utalipa kamisheni ya mnunuzi.

Ukinunua kwa mfanyabiashara kwa simu au intaneti bila kukutana naye, kwa kawaida una siku 14 za kubatilisha ununuzi.

Lipo jambo moja ambalo wengi hawalijui. Ukimlipa mfanyabiashara japo sehemu ya bei, hata arubuni tu, kwa kadi ya mkopo, Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974 huifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja naye, mradi bei ya gari ni zaidi ya pauni 100 na haizidi pauni 30,000. Mnunuzi wa Daimler huweza kuwa ndani ya kikomo hicho. Wa Jaguar ya lita 3.8 huenda akakivuka, na hivyo kuukosa ulinzi huo.

Gari lililotimiza miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara, lakini mwenyewe hana budi kuomba. Likiwa halijafanyiwa mabadiliko makubwa, halilazimiki pia kufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT. Msamaha huu usieleweke vibaya: ni kosa kuendesha gari bovu, na bima ni ya lazima. Tena msamaha huo unamaanisha kwamba gari linaweza kuuzwa bila mkaguzi yeyote kulitazama kwa miaka mingi. Mwombe muuzaji alipeleke MOT kwa hiari, nawe ulipe ada. Akikataa, amekupa jibu.

Bima iwe ya thamani iliyokubaliwa, yaani wewe na kampuni mnakubaliana mapema gari ni la kiasi gani. Bima ya kawaida inaweza kulihesabu gari lako kama gari kuukuu tu.

7. Anayetaka kulisafirisha hadi Afrika Mashariki

Kabla ya kulipa hata senti moja, pata majibu ya maandishi kutoka mamlaka ya nchi unakolipeleka. Nchini Kenya, kiwango cha KS 1515 huzuia kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Gari la mwaka 1964 haliwezi kuingia kwa njia ya kawaida. Nchini Tanzania, gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu. Usitegemee ahadi ya wakala kwamba "mambo yatakwenda". Gari lililozuiliwa bandarini huendelea kutozwa gharama za kuhifadhiwa kila siku, na ahadi ya wakala hailipi gharama hizo.

8. Lipi linamfaa nani?

Anayetaka kasi, historia ya mashindano na gari ambalo wanunuzi wengi watalitafuta siku atakapoliuza, atafute Jaguar ya lita 3.8 au 3.4 yenye gia za mkono na ovadraivu, yenye namba zinazolingana na cheti cha kiwanda. Awe tayari kulipa bei ya juu, na asilipe bei hiyo kwa gari lisilo na ushahidi.

Anayetaka kuendesha kwa raha pamoja na familia, kwa gia otomatiki na mlio laini, na ambaye haoni haja ya kuwapita wengine barabarani, Daimler itampa bodi ileile na mbao zilezile kwa fedha pungufu. Sharti ni moja: anunue iliyo na bodi bora kuliko zote anazoweza kupata, hata kama inazidi nyingine kwa bei.

Anayependa sura tu na hana haraka asiidharau Jaguar ya lita 2.4 au 240. Huenda polepole zaidi, lakini ni halisi.

Na kwa wote watatu kanuni ni moja: nunua bodi kwanza, nyaraka pili, injini tatu, na nembo mwisho.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kutu kwenye vizingiti vya magari haya ni suala la usalama, si la sura tu?
2. Kwa hesabu ya sehemu ya tatu, ni gari lipi lililoleta hasara kubwa zaidi, na kwa sababu gani?
3. Jaguar ina herufi BW kwenye namba ya chasisi, lakini ina gia za mkono. Utamwuliza muuzaji nini?
4. Taja tofauti mbili za haki kati ya kununua kwa mfanyabiashara na kununua kwa mtu binafsi.
5. Muuzaji anasema gari halihitaji MOT kwa sababu ya umri wake. Je, ni kweli? Na bado utamwomba nini?